Ufupisho wa sheria za kodi na hasara ya mlipakodi

Nimesahihisha ufupisho wa Kiswahili kwa miaka mingi, na kosa linaloniudhi kuliko yote si la tahajia wala la upatanisho wa kisarufi. Ni lile la mwanafunzi hodari, mwenye mwandiko safi na sentensi zilizonyooka, anayeifupisha taarifa ndefu kwa maneno 60 yasiyo na doa, kumbe ameliacha nje neno moja tu: "isipokuwa". Asiyeiona taarifa ya awali hatajua kamwe kwamba amepunjwa. Ufupisho mbovu hujulikana mara moja kwa ubovu wake. Ule wenye sura nzuri ndio unaopoteza watu.

Nililikumbuka jambo hili nilipokuwa nikisoma kazi za wataalamu wawili wa sheria za kodi nchini Marekani, Joshua Blank na Leigh Osofsky. Mwaka wa 2017 walichapisha makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Emory kuhusu namna idara ya kodi ya nchi hiyo, IRS, inavyozungumza na wananchi. Sheria yenyewe ni msitu. Mwananchi wa kawaida haisomi. Husoma vijitabu vya idara, hasa kile cha nambari 17 kinachoeleza kodi ya mapato kwa lugha nyepesi na bado kinapita kurasa 100. Hoja ya wataalamu hao ni kwamba wepesi huo mara nyingi ni wa juujuu. Mahali ambapo sheria ina utata, kijitabu husema kana kwamba hakuna utata. Mahali penye masharti matano, huorodhesha matatu. Sheria haijarahisishwa hata chembe, ila imevikwa kanzu nyeupe. Hali hiyo wameipa jina kwa kuunganisha kipande cha neno la Kiingereza la usahili na kipande cha neno la utata. Kwa Kiswahili labda tungesema "usahilitata", ijapokuwa sikio langu bado linasita kulipokea.

Huenda mwanafunzi akauliza: kuna ubaya gani, mradi watu waelewe? Ubaya hujitokeza siku kijitabu na sheria vinapogombana. Mahakama za Marekani zimeshikilia kwa miongo mingi kwamba kijitabu si sheria, na anayekitegemea hujitegemea mwenyewe. Mfano mmoja hauna budi kutajwa. Sheria ya huko humruhusu mtu kutoa fedha katika akaunti yake ya akiba ya uzeeni na kuzirudisha katika muda wa siku 60 bila kutozwa kodi, lakini mara moja tu kwa mwaka. Kijitabu cha idara kilisema waziwazi kwamba kikomo hicho huhesabiwa kwa kila akaunti peke yake. Mwaka wa 2008 mlipakodi mmoja alitoa zaidi ya dola 65,000 katika akaunti moja, na kabla ya miezi miwili kupita kiasi kama hicho katika akaunti nyingine. Januari 2014 Mahakama ya Kodi ikaamua kwamba kikomo ni kimoja kwa akaunti zote za mtu. Baada ya uamuzi huo idara ikatangaza kwamba wananchi wengine wasingehesabiwa kwa tafsiri hiyo mpya kabla ya Januari 1, 2015. Huyo aliyekwenda mahakamani alikuwa amekwisha kushindwa. Naye, amini usiamini, alikuwa mwanasheria wa kodi.

Ikiwa mjuzi huteleza hivyo, mwenye kioski atasimama wapi? Hapa ndipo ninapoona uzito wa utafiti huu. Tajiri ana mhasibu na wakili. Wao hukisoma kijitabu, kisha huifungua sheria na kuchagua palipo na faida. Asiye na wakili ana kijitabu peke yake, na kinapomnyima nafuu anayostahili, hulipa na kushukuru. Siku hizi, fauka ya hayo, idara ina programu za kompyuta zinazomuuliza mlipakodi maswali machache na kumpa jibu papo hapo. Blank na Osofsky wamezitafiti hizo pia, na wasiwasi wao umezidi: jibu lililotolewa kwa jina lako, kwa sauti ya uhakika, huaminiwa kuliko ukurasa wa kitabu.

Tusidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Hapa Kenya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inampa Kamishna uwezo wa kutoa ufafanuzi rasmi kwa umma, na ufafanuzi huo humfunga yeye mwenyewe mpaka auondoe. Hilo ni jema. Lakini ujumbe wa simu, bango na kijikaratasi havina cheo hicho, na hivyo ndivyo vinavyosomwa na watu.

Chukua kodi ya mauzo ghafi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka asilimia 3 kwa biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayavuki milioni 25. Sentensi hiyo yatosha kuandikwa kwenye bango. Sasa mfikirie mama anayeuza unga na sukari kwa faida nyembamba: mauzo milioni 2, faida shilingi 80,000. Kwa bango, atalipa 60,000. Ila sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hataki kuwa chini ya kodi hiyo, akahesabiwa kwa kodi ya kawaida ya mapato. Ikiwa hana pato jingine, asilimia 10 ya faida yake ni 8,000, na nafuu ya kila mlipakodi kwa mwaka ni 28,800. Hadaiwi hata senti, mradi atunze vitabu vyake vya hesabu. Kati ya 60,000 na sufuri kuna "isipokuwa" moja.

Na sheria hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo mama huyo hupokea ufupisho wa tafsiri. Juni 2024 vijana waliutafsiri Mswada wa Fedha kwa Kiswahili na lugha nyinginezo, wakaueleza vifungu kwa vifungu mpaka nchi nzima ikawa inaujadili, na tarehe 26 mwezi huo Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Nashangaa kazi hiyo ilingoja watoto wetu.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu maelezo ya kodi hiyo ya mauzo wayafupishe kwa maneno 50. Mmoja aliandika 48, safi kabisa, bila habari ya barua kwa Kamishna. Mwingine alifika 63, sentensi zake zikiwa nzito kama gunia, lakini barua ilikuwamo. Mwongozo wa kusahihisha hauna huruma kwa maneno ya ziada, nikamkata alama. Kisha nikaiomba karatasi yake, nikampelekea jirani yangu mwenye duka.