Je, Wajua Uyoga Unaojikunja Jua Likiwaka?

Chukua tawi la mwembe kwenye rundo la kuni pale Uvira, lile lililolala chini msimu mzima wa mvua. Gomeni utaona vipande vidogo vyenye umbo la pepeo, vya rangi ya majivu, vyenye manyoya, vingi havizidi upana wa vidole viwili. Havina mguu, vimejibandika tu. Kabla ya kulitia tawi motoni, bandua kimoja ukigeuze.

Chini yake kuna kurasa nyembamba zilizotandazwa kuanzia pale kilipoota, na kila ukurasa umepasuka katikati kwa urefu wake. Ndiyo maana wataalamu waliuita uyoga huu Schizophyllum, jani lililopasuka. Kiangazi kikiingia, vumbi la bonde la Ruzizi likitimka, nusu za kila ukurasa hujikunja na kuufunika uso unaotoa mbegu. Mvua ikirudi, hukunjuka baada ya saa chache na kuendelea na kazi. Mtafiti Reginald Buller, aliyefundisha Winnipeg nchini Kanada, alifungia vikavu mahali pasipo hewa. Vilipoloweshwa baada ya takribani miaka 50, vilikunjuka. Subira hiyo hunishangaza kila nishikapo kuni.

Usiutegemee ukutajie jina la mti, maana hukaa karibu kila mti wa mbao ngumu. Mti hujulikana kwa mengine: mvule ukichanjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Uyoga uitwao Ganoderma ni habari nyingine. Huo ni mgumu kama ubao, juu umepakwa vumbi la rangi ya kakao, ambalo ni mbegu zake wenyewe. Chini ni mweupe, na ukiukwaruza kwa ukucha, alama hugeuka kahawia papo hapo. Ukiuona kwenye kitako cha mwembe ulio karibu na nyumba, usidanganywe na majani mabichi. Kinachoonekana nje ni tunda tu. Mwili wake, nyuzi nyembamba kuliko unywele, umeshapenya ndani ya shina na unayeyusha lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu. Huacha mbao nyeupe, laini, zinazochanika kwa mkono.

Gonga shina kwa mpini wa panga, juu na chini, kabla mvua kubwa haijauangusha mti. Palipooza patalia kama ngoma.