Kichwa cha Garimoshi Kiganjani

Mtu mzima akionekana amejiinamia mezani akikunja vipande vya shaba vyembamba kama karatasi ili aunde kichwa cha garimoshi kinachoenea kiganjani, aghalabu huulizwa iwapo amekosa shughuli. Mimi nimeulizwa hivyo hapa Kitale mara nyingi, tangu jamaa yangu aishiye Uingereza aniletee bahasha yenye bamba la shaba na karatasi ya maelezo. Jibu langu huwa refu, nami namwomba ndugu msomaji anivumilie.

Bamba lenyewe ni elimu tosha. Halikukatwa kwa mkasi wala msumeno. Shaba hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, mchoro wa kila kipande ukachapwa juu yake, kisha bamba likatiwa katika maji makali ya kloridi ya chuma. Palipofunikwa husalia, palipo wazi huliwa. Mistari ya kukunjia huliwa nusu ya unene tu, basi ukikunja mstari ukiwa upande wa ndani, shaba hutii na kusimama wima kama ukuta. Vipande hushikiliwa na vikonyo vidogo, mithili ya matunda tawini, hadi uvikate.

Kichwa ninachokiunda ni cha dizeli, aina ya 48DS ya kampuni ya Ruston & Hornsby ya mjini Lincoln: magurudumu 4, nguvu za farasi 48, uzito wa tani 7 na nusu hivi, nayo injini huzungusha magurudumu kwa mnyororo kama baiskeli. Kazi yake ni ya utumishi tu, kusukuma behewa hili na kuvuta lile katika ua wa kiwanda. Sifa za reli ya Afrika Mashariki zilikwenda kwa yale majitu ya Garratt ya daraja la 59, yaliyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Lakini jitu lingevuta nini kama hapangekuwa na wa kuyapanga mabehewa?

Jambo hili si dogo kwa watu wa Kitale. Reli ya tawi kutoka Leseru ilifika hapa mwaka 1926, ikawa njia ya mahindi ya Trans Nzoia. Baadaye ilikaa miaka mingi bila treni. Nilipomwuliza kijana mmoja jinsi treni inavyorudi ilikotoka reli inapokomea, alinijibu kwamba hupiga kona kama matatu. Simcheki. Atajuaje kwamba kichwa hufunguliwa, kikapita njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili, ikiwa hajaona hata siku moja?

Ilipofika zamu ya kulehemu, nilipanda gari kwenda Bungoma, mji ulio kwenye njia kuu iliyofika Kampala mwaka 1931, nikamtafuta fundi wa Jua Kali ambaye riziki yake ni koroboi na karai. Alikigeuzageuza kile kiwiliwili cha shaba, akacheka.

"Mwalimu, hii ni koroboi yenye magurudumu."

"Tofauti ni hesabu, fundi," nikamjibu.

"Hata koroboi ina hesabu. Ikivuja, nyumba inaungua."

Kisha akanionyesha: safisha kwanza, paka dawa, pasha chuma chenyewe moto, na risasi itafuata joto bila kulazimishwa. Karatasi ya maelezo kutoka ng'ambo inasema yayo hayo, kwa maneno mengi zaidi.

Fumbo kubwa likabaki magurudumu. Mota hupata umeme kutoka relini kupitia magurudumu hayo. Moja likining'inia, kichwa husitasita au husimama kabisa. Ufumbuzi ni kuiacha ekseli moja icheze juu ya nukta ya katikati, ili uzito ukalie sehemu tatu tu. Mwana wa fundi, mwanafunzi wa Gredi ya 7, ndiye aliyetangulia kuelewa. "Ni mafiga!" akasema.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mtaala wa umilisi ulianza kote nchini mwaka 2019, na tangu mwaka 2023 shule za sekondari ya msingi zina somo la mafunzo ya awali ya kiufundi. La kusikitisha ni kwamba baadhi yetu wazazi humwendea fundi usiku wa kuamkia siku ya kazi hiyo, tukanunua kifaa kilichokwisha kuundwa, mtoto akakibeba shuleni. Anayepewa alama ni nani? Ilhali yuleyule mtoto akiunda gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, tunamfokea aache upuuzi akasome.

Kuna atakayesema kwamba shaba ya Ulaya ni ghali. Kweli, na sishauri shule yoyote iinunue. Debe la mafuta ya kupikia, waya, rula na risasi vinatosha. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Katika kipimo cha 1 kwa 76 huwa milimita 13 hivi. Hesabu hiyo mwanafunzi akiikata kwa mkono wake kwenye bati, haisahau.

Kichwa changu bado hakijapakwa rangi. Yule kijana wa Bungoma amekwisha kuchora behewa la kukifuata, na baba yake amempa debe moja na mkasi wa bati. Kinachobishaniwa sasa ni kama liwe behewa la mahindi au la mafuta.