Usiuze Ndume Kabla ya Kusoma Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimekuwa nikiikariri tangu shule ya msingi, naiandika katika insha nipate alama, kisha naisahau. Ilinirudia likizo ya Agosti mwaka 2025, siku mjomba wangu aliponiita chini ya mti nyumbani kwetu karibu na Makindu na kuniambia kuwa anataka kuuza ndume.

Mpenzi msomaji, ndume yule si wa mchezo. Ndiye anayelima, ndiye anayevuta mkokoteni wa maji, na ilikuwa imekubaliwa nyumbani kwamba ndiye atakayelipa karo yangu ya Kidato cha Nne.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "wewe unasoma Biashara. Nasikia serikali inataka kuuza hisa za kampuni ya bomba la mafuta. Bomba lenyewe limepita hapa kwetu, alama zake naziona kila nikienda sokoni. Mafuta hayaachi kupita. Sasa hasara itatoka wapi?"

Nilinyamaza, maana nilikumbuka jambo. Miaka ya nyuma mjomba alichukua mkopo akanunua hisa za kampuni moja, bei ikaporomoka, naye akabaki kulipa deni na riba miaka mitatu. Nilipomwuliza kwa nini alinunua, alinijibu, "Kwani nani hakununua?"

Basi nikamwomba anipe muda hadi likizo ya Desemba. Nilirudi shuleni na swali lake, nikamsumbua mwalimu wetu wa Biashara hadi akachoka, nikajifungia maktabani. Haya hapa niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu nadhani si mjomba wangu peke yake mwenye ndume.

Kwanza tuelewe bomba linapataje pesa. Wengi hufikiri kampuni ya bomba huuza mafuta. La! Mafuta ni ya wenyewe. Kampuni ya bomba ni kama matatu inayobeba magunia ya ndengu: ndengu zikipanda bei au zikishuka, mwenye matatu hudai nauli yake tu, kwa uzito na kwa umbali. Ndiyo maana watu husema biashara hii ni tulivu. Hapa kwetu nauli hiyo haipangwi na kampuni ipendavyo, bali huidhinishwa na mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si bei ya petroli. Ni hili: mafuta kiasi gani yatapita, kwa nauli gani, na kwa mkataba wa miaka mingapi?

Hadi hapo mjomba alikuwa sawa kabisa. Lakini sikia kisa cha Marekani.

Mwaka 1985 kampuni mbili za gesi, Houston Natural Gas na InterNorth, ziliungana zikawa kampuni ambayo baadaye iliitwa Enron. Ilikuwa na mabomba ya gesi ya maelfu ya kilomita, chuma halisi kilichozikwa ardhini. Mwenyekiti wake alikuwa Kenneth Lay. Chini yake alikuwako Richard Kinder, mtu wa kufuatilia hesabu, aliyekuwa rais wa kampuni. Mwishoni mwa mwaka 1996 Kinder alipoona kiti cha mkuu hakitampata, aliondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Jeffrey Skilling.

Kinder alipoondoka alishirikiana na William Morgan, ambaye walisoma naye chuo kikuu. Mwaka 1997 walinunua kutoka Enron yenyewe biashara ndogo ya mabomba kwa dola milioni 40 hivi. Enron iliona mabomba hayo ni mambo ya kizamani. Yeye Skilling alitaka kampuni iwe ya wafanyabiashara werevu wanaouza mikataba, si ya mafundi wa mabomba.

Hapo ndipo daftari lilipoanza kuharibika. Enron ilitumia mtindo wa hesabu ulioiruhusu kuandika leo faida ya miaka mingi ijayo. Hebu fikiria mkulima aliyeweka sahihi ya kuuza ndengu kwa miaka kumi. Mwaka huo huo anakisia faida ya miaka yote kumi, anaiandika kuwa amekwisha ipata, kisha anachinja mbuzi na kualika kijiji. Pesa hajazishika. Mvua haijulikani. Lakini katika karatasi yeye ni tajiri! Madeni nayo yakafichwa katika vikampuni vya pembeni vilivyoundwa na mkuu wa fedha, Andrew Fastow. Mwaka 1999 halmashauri ya wakurugenzi iliweka kando kanuni zake za maadili ili Fastow asimamie vikampuni vilivyofanya biashara na Enron yenyewe. Yaani mtu mmoja aliketi pande mbili za meza.

Na wakaguzi wa hesabu walikuwa wapi? Walikuwako, kampuni maarufu ya Arthur Andersen. Mwaka 2000 walilipwa dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa kazi nyingine za kushauri. Mbwa anayelishwa na mwizi habweki.

Agosti mwaka 2000 hisa moja ya Enron ilifika dola 90. Aprili mwaka 2001, katika mkutano wa simu, mchambuzi mmoja alilalamika kwamba Enron inatangaza faida bila kutoa mizania pamoja nayo, yaani orodha ya mali na madeni. Skilling hakumjibu kwa hesabu, alimtukana. Agosti akajiuzulu. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ikaomba kinga ya kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na akiba zao za uzeeni, ambazo nyingi zilikuwa katika hisa za Enron, zikayeyuka. Mwaka 2006 Lay na Skilling walipatikana na hatia mahakamani.

Sasa, msomaji, jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili. Mabomba hayakufa! Gesi iliendelea kupita. Bomba moja kubwa, Northern Natural Gas, liliishia mwaka 2002 mikononi mwa kampuni iliyokuwa chini ya tajiri Warren Buffett, na likaendelea na kazi. Chuma kilibaki kizima ilhali hisa ziligeuka kuwa makaratasi. Hilo ndilo jibu la mjomba: bomba unaloliona ukienda sokoni silo unalolinunua. Unanunua kinachobaki baada ya wenye madeni kulipwa, na baada ya viongozi kufanya walichofanya.

Je, Kinder aliendeleaje? Kampuni yake, Kinder Morgan, ilikua ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za mabomba Marekani. Kinder mwenyewe kwa miaka mingi alichukua mshahara wa dola 1 kwa mwaka, bila bonasi, akitegemea hisa zake. Maana yake ni kwamba mwenye hisa mdogo akiumia, naye anaumia. Huyo ni kiongozi wa kutamanika, au siyo?

Ngoja kwanza. Kampuni hiyo ilipenda kutoa gawio kubwa kwa wenye hisa na wakati huo huo kujenga mabomba mapya. Nauli ikitumika kulipa gawio, pesa za ujenzi zitoke wapi? Kwa mikopo na kwa kuuza hisa zaidi. Kufikia mwaka 2015 deni lilipita dola bilioni 40, zaidi ya mara tano ya mapato ya mwaka kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu. Bei ya mafuta ilikuwa imeanguka, wakopeshaji wakaanza kutia wasiwasi. Desemba mwaka huo gawio likakatwa kwa asilimia 75, kutoka senti 51 kwa robo mwaka hadi senti 12 na nusu. Waliokuwa wakitegemea gawio hilo walilia. Hapo hapakuwa na wizi wala daftari bandia. Kampuni ilijifunga mkanda, ikapunguza madeni yake, na haikufa.

Kutokana na visa hivyo viwili nilimwandikia mjomba maswali matano katika karatasi ya daftari langu.

La kwanza: faida imeingia mfukoni au imo katika karatasi? Katika hesabu za kampuni kuna ukurasa wa faida na ukurasa wa pesa zilizoingia na kutoka. Soma yote miwili. Faida ikipanda kila mwaka na pesa zisiongezeke, kuna jambo.

La pili: deni ni mara ngapi ya mapato? Mtu apataye shilingi 100,000 kwa mwaka kwa mkokoteni wake, akiwa na deni la 550,000, hata kama ni mchapa kazi, mwaka mmoja wa ukame utamwangusha.

La tatu: gawio linatoka wapi? Likitoka katika nauli iliyobaki baada ya kutengeneza bomba na kulipa riba, vyema. Likitoka kwa mkopo, unalishwa mbegu.

La nne: mkaguzi wa hesabu ni nani, na kuna mambo gani mengine yanayomlipa hapo?

La tano, na ndilo kubwa: viongozi hufanya nini wakiulizwa swali gumu? Kiongozi mwema husema, "Hapa tulikosea, gharama ni hii." Mwingine hucheka, hukasirika, au hujibu kwa maneno ambayo hata mwalimu wa Biashara hayaelewi. Ukiona hivyo, funga mfuko wako.

Likizo ya Desemba tuliketi tena pale pale. Wakati huo Bunge la Taifa lilikuwa limeidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya hisa za Kenya Pipeline. Nilimweleza mjomba kuwa kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1973, kwamba bomba la kwanza la kilomita 450 hivi kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, na kwamba mwaka 1994 mafuta yalifikishwa Eldoret na Kisumu. Mafuta ya Uganda na majirani wengine nayo hupitia humo. Hiyo ni nguvu yake.

"Lakini mjomba," nikasema, "wewe mwenyewe unakumbuka Thange."

Akatikisa kichwa. Nani hapa kwetu asiyekumbuka? Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bombani yakaingia udongoni na majini, mashamba yakaharibika, wakazi wakaenda mahakamani kudai fidia. Kwa mwenye shamba hilo ni chozi. Kwa mwenye hisa ni deni ambalo halionekani ukitazama chuma. Bomba lililozeeka bila kutunzwa huwa nafuu leo na ghali kesho. Nikamwambia kuwa katika kijitabu cha mauzo atafute kurasa zinazoeleza kesi zilizo mahakamani na pesa za matengenezo. Kurasa hizo huwa za nyuma na maandishi yake ni madogo, lakini ukweli hupenda kukaa huko. Tena auulize uongozi: baada ya mauzo, nani atamteua meneja mkurugenzi, na nani ataweza kumfuta akiharibu? Maana serikali kubaki na asilimia 35 si jambo dogo.

Mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe ile mara ya kwanza nilinunua jina." Kisha akakunja ile karatasi akaitia ndani ya kofia yake.

Mauzo yalipofunguliwa Januari mwaka 2026, alikwenda kumwomba mwalimu mmoja wa jirani amsomee kijitabu, jioni tatu mfululizo, huku ameshika maswali yake matano. Hakukopa hata shilingi. Alitenga sehemu ya pesa za ndengu, ile ambayo ikipotea watoto hawatalala njaa, akanunua hisa chache. Kama zitapanda au zitashuka, hilo mimi si mganga wa kulitabiri. Ninalojua ni kwamba safari hii, akiulizwa kwa nini alinunua, analo jibu lake mwenyewe.

Na ndume? Yule bado yuko, anavuta maji. Karo ya muhula wa kwanza ililipwa kwa mbuzi watatu, na ndiyo sababu niko darasani leo nikiyaandika haya. Wenzangu, na walimu wetu wapendwa mnaofikiria kuchukua mkopo wa chama mnunue hisa, kalamu naiweka chini kwa neno moja: kwanza daftari, ndipo mfuko.