Ukucha wa mguu ukibadilika rangi, usikimbilie dawa ya fangasi

Mvua ikishika Tukuyu, mabuti ya mpira hayapati nafasi ya kukauka. Mkulima wa Msasani huyavaa alfajiri kwenda kuchuma chai au kupalilia viazi, huyavua jioni, na kesho yake huingiza mguu kwenye buti lilelile likiwa bado na unyevu ndani. Mtoto naye hukanyaga madimbwi akienda shule, kisha soksi humkaukia miguuni darasani. Si ajabu basi kwamba kucha za miguu zilizobadilika rangi ni jambo la kawaida katika familia nyingi.

Wengi wakiliona hilo hupita duka la dawa na kuomba "dawa ya fangasi". Wanapaka tyubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ukucha unabaki vilevile. Msomaji, fahamu hili mapema: kati ya kucha zilizoharibika ambazo wagonjwa huja nazo hospitali, takriban nusu tu ndizo zenye fangasi. Nusu iliyobaki ina sababu nyingine, na dawa ya fangasi haitaisaidia hata ukiitumia mwaka mzima.

Rangi inaeleza nini?

Ukucha wenye fangasi kwa kawaida huanza kubadilika kwenye ncha au pembeni. Huwa wa njano au kahawia, hunenepa, huwa mgumu kukata, na chini yake hutokea unga unaonuka. Mara nyingi utaona pia ngozi iliyochubuka na kuwa nyeupe katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano. Huko ndiko fangasi huanzia kabla ya kuhamia kwenye ukucha.

Rangi ya kijani hutokana na bakteria wanaopenda maji. Huwapata watu ambao ukucha wao umeachana na nyama, kisha mguu ukakaa kwenye unyevu kwa muda mrefu.

Wekundu unaogeuka kuwa mweusi baada ya kujikwaa, kuangukiwa na jembe au kucheza mpira na viatu vinavyobana ni damu iliyovilia. Doa hilo husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Usiwe na haraka: ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18 kukua wote upya.

Njano isiyo na unene wala unga inaweza kuwa ya rangi ya kucha iliyokaa muda mrefu bila kufutwa. Ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi nao huharibu kucha kwa namna inayofanana sana na fangasi.

Mstari mweusi

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mistari ya kahawia au myeusi inayotoka kwenye shina la ukucha hadi nchani ni ya kawaida, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa na umri umesogea. Baadhi ya dawa huileta pia, ikiwamo zidovudini inayotumika kutibu Virusi vya Ukimwi. Kama unaitumia na umeona mistari hiyo, usiache dawa. Mwonyeshe mhudumu wako wa kliniki.

Mstari unaotakiwa kukutia wasiwasi ni ule ulio kwenye ukucha mmoja tu, uliotokea ukubwani, unaopanuka mwezi hadi mwezi, wenye kingo zisizo sawa, au ambao weusi wake umevuka na kuingia kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Hiyo inaweza kuwa melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa Waafrika hupenda kutokea kwenye nyayo na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligundulika kuwa nayo chini ya ukucha wa mguu mwaka 1977, na alifariki dunia Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Ikigundulika mapema hukatwa na mgonjwa hupona. Ikicheleweshwa husambaa mwilini. Doa jeusi ambalo halisogei mbele na ukucha, na hukumbuki kuumia, lipeleke hospitali wiki hii.

Kwa wazazi

Fangasi wa kucha si wa kawaida kwa watoto wadogo. Ukiona ukucha wa mtoto umebadilika, fikiria kwanza kujikwaa au viatu vilivyombana kwa kuwa mguu umekua. Kitone cheusi chenye duara jeupe pembeni mwa ukucha, kinachowasha na kuuma, huwa ni funza. Usimchokonoe kwa pini au mwiba uliotumika kwa mtoto mwingine, kwani unaweza kumwambukiza magonjwa, na kidonda hicho ni mlango wa pepopunda. Mpeleke zahanati atolewe kwa kifaa safi, na uulize kama chanjo zake zimekamilika.

Kama kweli ni fangasi, angalia miguu ya watu wazima nyumbani. Mara nyingi chanzo ni baba au mama anayechangia na mtoto malapa ya bafuni au taulo. Wala usimgawie mtoto vidonge vya mtu mzima.

Kupima kwanza, kutibu baadaye

Kipimo ni rahisi. Mtaalamu hukata kipande cha ukucha, hukwangua unga ulio chini yake na kuuangalia kwa hadubini. Nenda ukiwa umefuta rangi ya kucha, na mweleze kama ulishapaka dawa. Kwa wakazi wa Msasani, anzieni Hospitali ya Wilaya, Makandana, na muulize kama yupo mhudumu aliyesomea magonjwa ya ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu hao tangu 1992.

Krimu za kawaida hutibu ngozi ya katikati ya vidole, lakini hazipenyi ukucha mnene. Fangasi waliothibitishwa kwenye ukucha wa mguu mara nyingi huhitaji vidonge, kwa mfano terbinafini, vinavyomezwa kila siku kwa wiki 12. Kabla ya kuanza, daktari huuliza kuhusu ini lako na anaweza kulipima. Vidonge vya ketokonazoli visitumike kwa kucha. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilitoa onyo kwa sababu vinaweza kudhuru ini vibaya. Ukimaliza dozi, ukucha mbaya utabaki kwa miezi mingi hadi mpya uusukume. Hiyo haimaanishi dawa imeshindwa.

Maji ya betri, mafuta ya taa na kung'oa ukucha kwa koleo havitibu. Vinaacha kidonda.

Nyumbani fanya haya: kausha katikati ya vidole kila unaponawa miguu. Kama uwezo upo, kuwa na jozi mbili za mabuti uzibadilishe. Kama ni moja, toa maji usiku, jaza magazeti makavu ndani, na asubuhi vaa soksi kavu. Kata kucha kwa mkato ulionyooka, na kila mtu awe na wembe wake. Ukienda kwa vijana wanaosafisha na kupaka rangi kucha, beba vifaa vyako.

Mwenye kisukari asisubiri hata kidogo. Ukucha mnene unaweza kuchoma nyama bila yeye kusikia maumivu, na kidonda kidogo kikamfikisha kwenye kukatwa mguu. Kagua miguu yako kila jioni, na kama huoni vizuri, mwombe mwanao akukagulie.