Nani Anapima Hewa Juu ya Bahari?

Oktoba 1947, ndege ya majini iliyoitwa Bermuda Sky Queen iliondoka Foynes, Ireland, kuvuka Atlantiki kwenda Newfoundland ikiwa na watu 69. Katikati ya bahari ikakumbana na upepo wa mbisho, mkali kuliko uliotabiriwa, na mafuta yakawa hayatoshi tena. Rubani akageuza ndege kuitafuta Bibb, meli ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyowekwa baharini kupima hali ya hewa, akatua kando yake kwenye mawimbi makubwa. Kazi ya kuwaokoa iliendelea hadi siku ya pili. Wote 69 walipona.

Meli za namna hiyo zilikuwapo kwa sababu utabiri huanza na vipimo, na baharini hakuna anayeishi akapima. Kufikia 2010 meli ya mwisho ya aina hiyo katika Atlantiki ilikuwa imeondolewa. Ndege, hata hivyo, zilizidi kuongezeka.

Siku hizi vituo viwili tu, Washington na London, ndivyo vilivyopewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) jukumu la kutabiri upepo, joto, barafu, misukosuko na mawingu ya radi kwenye anga ya dunia nzima. Kimoja kikikwama, kingine hushika kazi. Upande wa Washington, hesabu zinasimamiwa kutoka jengo la NOAA, shirika la Marekani la bahari na hewa, lililofunguliwa 2012 huko College Park, Maryland, jirani na uwanja ambako Wilbur Wright, mmoja wa waliounda ndege ya kwanza, aliwafundisha maofisa wa jeshi kurusha ndege mwaka 1909. Kompyuta zenyewe ziko Manassas, Virginia, na Phoenix, Arizona, na kila baada ya saa sita huihesabu upya hewa ya dunia, kuanzia usawa wa bahari hadi juu kabisa wasikofika marubani.

Vipimo vinatoka wapi? Vingi ni vya setilaiti, zikiwamo sita za mradi wa COSMIC-2 zilizorushwa 2019, ambazo huangalia jinsi mawimbi ya GPS yanavyopinda yakipita hewani na kutokana na hapo kukadiria joto na unyevu wa ukanda wa tropiki. Ndege za abiria nazo hupima zikiwa njiani. Ndiyo maana janga la korona liliwapa watabiri shida ambayo abiria hawakuijua: mwaka 2020 ndege zilipolazwa chini, vipimo vyake vilipungua vibaya.

Kisha kuna puto. Huko Sterling, Virginia, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, puto hupanda asubuhi na jioni likiwa limefungiwa kifaa kidogo kinachotuma joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kwa redio, hadi linapopasuka kilomita 30 hivi juu. Vipimo hivyo duniani kote hulengwa saa tisa alasiri na saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ili kompyuta ipate picha ya wakati mmoja. Setilaiti hutazama kutoka juu na kukadiria. Puto hupita ndani ya hewa yenyewe, na kwa maoni yangu serikali zetu hukosea zinapoliona kama kifaa cha kizamani.

Visiwa vina tatizo lao. Hesabu zinazosimamiwa kutoka Maryland ni kama wavu wenye matundu ya kilomita 13 hivi, kwa hiyo Unguja inapata nukta chache tu kwa upana wake, na mlima Karthala wa Ngazidja, Komoro, wenye mita 2,361, husawazishwa ukawa mfupi kuliko ulivyo. Jua la mchana likipasha ardhi joto kuliko bahari, upepo huvuma kutoka fukwe za pande zote, hukutana katikati ya kisiwa na kupanda. Wingu la radi laweza kukua hapo ndani ya saa moja, bila kuonekana kwenye ramani iliyotoka Washington.

Kwa hiyo ramani ya upepo wa juu yaweza kutoka ng'ambo, lakini utabiri wa uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Anayeshuka kutua Unguja alasiri anamhitaji mtu aliyeko pale uwanjani, anayetoka nje, akatazama wingu limefunika kiasi gani na msingi wake uko juu kiasi gani, akapima upepo wa njia ya kurukia, na kumpelekea taarifa kabla hajaanza kuteremka.