Maji ya Rangi na Mwanga wa Jua

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Qur'ani Tukufu kuwa uhai wa kila kitu asili yake ni maji. Basi kuyahifadhi ni wajibu wetu.

Katika nyua nyingi za Kinondoni na Temeke kina mama hutia vitambaa rangi za batiki, wakajipatia riziki ya halali. Kazi hii twaisifu. Lakini maji yasaliayo ndooni humwagwa wapi? Yamwagwayo mtaroni huelekea Msimbazi au Kizinga, na mengine huzama ardhini karibu na kisima cha jirani.

Wanavyuoni wametufundisha kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji yaliyogeuzwa na rangi hata yakatoka katika jina la maji hayafai kutawadhia, ijapokuwa hayana najisi. Je, yaweza kurejea asili yake?

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Kijapani, Fujishima na Honda, walitangaza kuwa titani dioksidi ikipigwa na mwanga huweza kuyapasua maji. Baadaye wengine waliutumia unga wake mweupe, ule utiwao katika rangi za nyumba, kuvunjia rangi za nguo. Miali ya jua isiyoonekana kwa macho huuamsha unga huo. Nao, kwa msaada wa maji na hewa, huzaa chembe kali ziikatazo rangi vipande vipande. Unga wenyewe hauishi kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, mtu asidhani kumwaga rangi ya nyumba ndooni kutamfaa. Miali hiyo ni kama sehemu 5 tu katika 100 za mwanga wa jua, maji mazito huizuia, na madini kama kromu hayateketei. Maji yanaweza kuwa maangavu na yakadhuru.

Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilifutu kuwa maji machafu yakisafishwa hata sifa zake tatu zikarejea, hutoharika. Ila yasinywewe yakiwa na madhara.

Basi, enyi kina mama, tumieni maji ya rangi mara nyingine kabla ya kuyamwaga, wala msiyamwage karibu na kisima. Nanyi vijana mlio mashuleni, isomeni elimu ya kemia, ili siku moja jua letu litusafishie maji yetu. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama; vipi basi tumharibie jirani kisima chake? Wabillahi taufiki.