Boliti za Injini Zikichanganyika: Nunua Zipi, Acha Zipi

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, na Afrika Mashariki bado wapo wanaofufua gari hili kwa fedha za kuungaunga. Injini ikiwa inarudishwa na boliti zote zimemwagwa kwenye mkebe mmoja, pesa huanza kuvuja. Usinunue kitu kabla hujatambua ulichonacho.

Anza na breketi mbili za ubavuni mwa injini. Ya kushoto na ya kulia hazifanani. Zikibadilishana, injini hulala upande, na fundi mwenye haraka atakwambia raba za kushikilia injini zimekufa. Kuzirudisha mahali pake ni kazi ya mkono tu, hakuna kipuri cha kulipia.

Boliti ndiyo penye mtego. M10 (boliti ya kipenyo cha milimita 10) ya duka la vifaa vya ujenzi huwa na meno ya milimita 1.5 na kichwa cha spana 16 au 17. Magari ya Kijapani hutumia sana M10 ya meno 1.25, kichwa spana 14. Hata hivyo usikisie: kila boliti iingize kwa vidole. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, itoe. Ukiilazimisha kwa spana utaua meno ya bloku, na kuchonga meno mapya ni gharama inayozidi bei ya boliti zote za gari.

Pima na urefu. Chomeka waya mwembamba kwenye tundu, utie alama, ulinganishe. Boliti ndefu hugonga mwisho wa tundu, ukadhani imekaza kumbe breketi inacheza.

Boliti mpya za kuagiza nje ni nzuri, ila bei unayoiona siyo utakayolipa. Kuna usafirishaji, ushuru, kisha VAT juu ya jumla hiyo: asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania. Kwa boliti nane haina maana. Nenda Grogan ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam na sampuli mkononi, uchague zilizotoka kwenye magari ya Kijapani, kichwani zina alama ya 7. Kataa iliyoliwa na kutu au iliyovutika shingo. Nati na washa za springi nunua mpya; ni senti.

Kwenye raba usibane mkono. Ya mtumba ina umri usioujua, na oili huilainisha. Ya poliyurethani hudumu na haiogopi oili, lakini mtetemo wote utaupokea kwenye usukani. Inamfaa wa mashindano. Kwa gari la barabarani nunua raba ya kawaida, mpya, pande zote mbili kwa pamoja, maana kufungua mara mbili ni kumlipa fundi mara mbili.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu wiki hii, iwe raba. Boliti za mtumba zilizopimwa vizuri zitakutosha.